Safari Iliyokatwa Vipande Viwili

Katika kiwanda kile cha udobi kila mtu alimwita Mjomba, hata wale waliomzidi umri. Mwenye kiwanda alikuwa mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake, na mwenye mali akimwita mtu mjomba, nani atathubutu kumwita vinginevyo? Mwenye kiwanda naye alikuwa na jina lake la kazini, ila hakuitwa nalo mbele ya uso. Wafanyakazi walimwita Bwana Nusu. Sabuni aliipima nusu kopo. Mapumziko ya mchana aliyakata nusu. Taa za ukumbini aliwasha moja akaruka moja, na kati ya mashine mbili za kukaushia alizozinunua mwenyewe, moja aliizima akasema ipumzike. Kidomo, mama mnene aliyesimamia meza ya kukunjia na ambaye hakuna siri iliyowahi kulala kinywani mwake, alikuwa akisema kwamba Bwana Nusu siku akifa ataacha wosia azikwe hadi kiunoni.

Kazi yao ilikuwa mablanketi ya ndege. Lori liliyaleta kutoka kiwanja cha ndege yakiwa marobota makubwa yaliyofungwa kamba, na lori hilohilo liliyarudisha yakiwa yamekunjwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, yanameta kama zawadi ya harusi. Mkataba na shirika la ndege ulikuwa na sharti moja ambalo kila mfanyakazi alilijua kwa moyo. Blanketi lililotumika katika safari inayozidi saa sita lifuliwe. La safari fupi kuliko hiyo likung'utwe, likunjwe, lifungwe.

Sharti hilo Mjomba hakulipenda, lakini alilielewa. Msafiri wa njia fupi hulitandaza blanketi magotini, hupitia gazeti, huteremka. Safari ndefu ni jambo jingine. Katika safari ndefu mtu haketi tu, anaishi. Anakula na kumwaga mchuzi, anavua viatu, anapenga kamasi, analala kinywa wazi denda likimtiririka, mtoto wake anacheua, na vyote hivyo vinapokelewa na blanketi, maana ndilo lililo karibu na ndilo lisilokuwa lake.

Njia ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya mji wa mbali, kilomita zaidi ya elfu nane kutoka hapo, ng'ambo ya bahari na jangwa. Safari yake ilikuwa ya saa kumi na moja: tano angani, moja ardhini kwenye kituo cha katikati ambako ndege hushuka kunywa mafuta, kisha tano nyingine angani. Mablanketi ya njia hiyo yalikuwa mekundu, na Mjomba aliyatambua kabla robota halijafunguliwa. Hakuhitaji macho. Pua ilitosha.

Asubuhi moja Bwana Nusu aliingia ukumbini akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na hakuna aliyemwona. Akawakusanya. Akawaeleza kwamba amekaa na mkataba usiku kucha, akausoma neno kwa neno, na amegundua kwamba wamekuwa wakijipunja miaka yote. Mkataba unasema safari inayozidi saa sita. Je, ndege ya mji wa mbali inaruka saa sita? Hairuki. Inaruka tano, inatua. Halafu inaruka tano, inatua. Basi hizo ni safari fupi mbili, na mablanketi mekundu kuanzia leo yatakung'utwa, yatakunjwa, yatafungwa. Maji yatapona, sabuni itapona, umeme utapona.

Mjomba ndiye aliyekohoa.

"Ikitua hapo katikati, abiria wanashuka?"

"Hawashuki, mjomba. Wanakaa vitini mwao."

"Na blanketi?"

"Blanketi lishuke liende wapi?"

"Basi ni kitu gani kilichoanza upya?"

"Hesabu," akasema Bwana Nusu, na akacheka peke yake. "Ndege ikigusa chini, safari imekwisha. Mjomba, hayo mambo ya mikataba niachie mimi."

Mjomba alikuwa amesoma ngumbaru akiwa mtu mzima, jioni kwa jioni, baada ya kazi ya kubeba mizigo, na mambo mengi ya madarasa yale yalikuwa yameshamtoka. Lakini moja lilibaki. Mwalimu alichukua mkate, akaukata vipande viwili mbele yao, akawauliza kama sasa kuna mkate mwingi zaidi au kidogo zaidi. Watu wazima wenye ndevu walibishana hadi kipindi kikaisha. Mjomba alitaka kumkumbusha mpwa wake habari ya mkate ule, akaona aibu kumfundisha mwenye mali mbele ya watu wake. Akameza. Alikuwa mzee, magoti yalikwisha zamani, na kazi ile alipewa kwa udugu. Mzee wa aina hiyo akitoka mlangoni, hakuna mlango mwingine unaomsubiri.

Tangu siku hiyo mambo yakawa machafu kuliko maneno ya kuyasemea. Blanketi jekundu lilishikwa pembe mbili na watu wawili, likapigwa hewani mara tatu, na vilivyomo vikaanguka: makombo, nywele, kucha zilizokatwa, ubani uliotafunwa, mara moja jino la mtoto. Visivyoanguka viliachwa. Bwana Nusu aliwanunulia manukato ya kupuliza, ya bei rahisi, yanayonukia kama ua lililokufa, na kila blanketi lilipuliziwa kidogo kabla ya kufungwa. Mchanganyiko wa manukato hayo na jasho la mtu wa kilomita elfu nane ulimfanya Mjomba ashindwe na chakula cha mchana. Aliyaona mablanketi yaleyale yakienda na kurudi, yakienda na kurudi, hadi akaanza kuyafahamu moja moja kama majirani wabaya. Hili la doa la mchuzi pembeni. Lile lililogandwa katikati na kitu cheupe ambacho hakutaka kukijua. Akilikunja moja alihisi vidole vyake vinamkimbia.

Jambo lililomkera zaidi lilikuwa mpwa wake mwenyewe. Bwana Nusu hakugusa robota hata kwa ncha ya kiatu. Akipita ukumbini aliziba pua kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, na akirudi ofisini alinawa hadi viwiko.

Habari ya dada ilikuja katikati ya hayo. Dada yake mkubwa, mama wa Bwana Nusu, ndiye aliyemlea Mjomba baada ya wazazi kufariki, na ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamwita "we mtoto". Miezi iliyopita alianguka ngazini, akapasuliwa mguu, na kidonda kikakataa kufunga. Kilitoka kifundoni kikapanda hadi karibu na goti, chini ya bendeji. Sasa binti yake aliyeolewa katika mji wa mbali alikuwa amempatia nafasi kwenye hospitali kubwa ya huko, ambako watamwekea ngozi mpya. Atasafiri Ijumaa. Daktari wa hapa alimruhusu, lakini alimwonya mbele ya Mjomba, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: kidonda kile kikiingia uchafu kabla hajafika, huko hawatamwekea ngozi, watakata mguu.

Jumatatu jioni Mjomba alikwenda kumtazama. Alimkuta ameketi kitandani, mguu juu ya mto, anapanga nguo sandukuni kwa mkono mmoja na kwa mwingine anakula karanga.

"Eti ni mbali kweli huko?" akamuuliza. "Mwanangu kaniambia ni saa tano tu."

"Tano," akasema Mjomba, "halafu tano nyingine. Na moja ya kukaa chini katikati."

Dada aliacha kutafuna. Akahesabu kwa vidole, akaguna. "Saa kumi na moja nimekaa kitako? Yeye mwenyewe kumzaa sikuchukua muda huo." Kisha akacheka hadi karanga zikamwagika. Akasema mwanawe alikuwa hivyo tangu utotoni. Ukimwambia kaoge, anaosha uso na miguu, katikati anapaacha, na anaapa kwamba ameoga.

Mjomba alicheka naye, lakini kicheko hakikumshuka. Alikuwa anautazama mguu. Alikuwa analiona blanketi jekundu, lile lenye kitu cheupe, likitandazwa juu ya bendeji ile na mhudumu mwenye tabasamu.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mpwa wake bila kubisha hodi. Alimkumbusha kwamba Ijumaa mama yake anapanda ndege ya mji wa mbali. Bwana Nusu akasema anajua, tiketi ameikata yeye. Mjomba akasema basi anajua pia mablanketi ya ndege hiyo ni yapi. Ni robota litakaloshuka Jumatano, litakung'utwa Alhamisi, na Ijumaa mchana lori litalirudisha. Akamwomba jambo moja tu. Robota hilo lifuliwe. Mara moja, kwa ajili ya mguu wa mama, halafu waendelee na hesabu zao wapendavyo.

Bwana Nusu hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliegemea kiti, akakuna kidevu, uso ukamlainika kama wa mtu mwema.

"Mjomba, unafikiri ningemwacha mama yangu aguswe na takataka zile? Nimeshalifikiria. Tutafua moja."

"Moja nini?"

"Blanketi. Litafuliwa mara tatu, litapigwa pasi, nitampelekea mwenyewe nyumbani. Apande nalo mkononi. La ndege asiliguse."

"Na wengine humo ndani?"

"Wengine si mama yangu."

Mjomba alikuwa amezoea kufikiri kwamba mpwa wake haoni. Kwamba mtu akikaa mbali na marobota, pua ikizibwa, anaweza kujidanganya kuwa blanketi lililokung'utwa ni safi. Kumbe anaona kila kitu. Anajua uchafu ule vizuri kuliko wote, na ndiyo maana anamkinga nao mtu mmoja.

Hata hivyo alijituliza njiani. Alijiambia kuwa mguu wa dada utapona na hilo ndilo lililompeleka ofisini. Dunia si ya kuoshwa na mzee mmoja.

Alhamisi jioni alikwenda kumuaga dada. Blanketi lilikuwa limeshafika, jekundu, laini, limekunjwa ndani ya karatasi ya maua, na dada alikuwa akilionyesha kwa kila aliyeingia. Mwanangu, alisema, pamoja na kazi zote alizonazo, amekaa akamfulia mama yake blanketi. Mama wengine wanapewa maneno. Mjomba aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akatazama sakafu.

Akaja jirani wa chumba cha pili kuaga, amebeba mtoto mchanga anayelia kwa mafua. Kabla mtu hajasema karibu, dada alikuwa ameshalifungua blanketi, amemfunika nalo mtoto, amempakata. Mtoto akapiga chafya, akacheua maziwa juu ya wekundu ule mpya. Dada akacheka, akapangusa kwa kiganja, akasema maziwa si uchafu.

Jirani alipoondoka Mjomba alimwambia dada yake kwamba kesho, ndani ya ndege, asimpe mtu blanketi hilo. Ajifunike mwenyewe hadi mwisho wa safari.

"Nijifunike peke yangu mtoto wa mwenzangu akitetemeka pembeni yangu?" Dada alimtazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mtoto. "We mtoto, nani alikulea?"

"Wewe."

"Basi."

Hapo Mjomba akajua. Ndege ile haitakuwa imefika hata mawinguni kabla dada hajampa mtu blanketi lake safi, akapokea chafu. Angeweza kumwambia ukweli palepale. Maneno yalimfika ulimini, yakagoma. Kumwambia mama kwamba mwanawe ni mchafu ni kumpaka tope mama mwenyewe, tena usiku wa kuamkia safari, karatasi ya maua bado iko mapajani mwake. Akambusu mkono, akatoka.

Ijumaa asubuhi Bwana Nusu hakuja kazini. Alikuwa amempeleka mama yake kubadilishwa bendeji, na kutoka hospitali wataelekea kiwanja cha ndege moja kwa moja. Mjomba aliingia ukumbini akakuta robota la mji wa mbali limeshakunjwa, limefungwa, linameta. Akachukua mkasi, akaanza kuchana mifuko ya nailoni, mmoja baada ya mwingine.

Fundi wa mashine, kijana mrefu aliyeitwa Povu, alikuja mbio akidhani mzee amerukwa na akili. Mjomba akamwambia ajaze mashine zote. Povu akauliza kama bosi amesema. Mjomba akajibu kwamba bosi yuko hospitali na mama yake, na kwamba leo mkubwa hapa ni yeye, akiulizwa aseme hivyo. Povu alipopima sabuni yake ya kila siku Mjomba alimshika mkono, akalijaza lile kopo hadi likafurika.

Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu. Ya pili yakatoka na rangi ya chai iliyolala, mazito, yana utando juu. Wakunjaji waliacha meza wakaja kusimama kwenye mfereji kutazama, kila mmoja na upande wa kanga au wa shati puani. Vitu vilielea. Nywele zilizofungana kama panya aliyekufa. Gamba la kidonge. Soksi. Halafu ikapita plasta ya kidonda cha mtu, imekunjamana, bado ina usaha katikati, ikazunguka mara moja kwenye mdomo wa mfereji kama inayoaga, ikazama. Mkunjaji mmoja alikimbilia nje akatapika.

"Njia ya mwongo fupi," akasema Kidomo, pua ameibana kwa vidole viwili. "Wazee walisema. Ila hawakusema inanuka."

Mjomba hakucheka. Alikuwa anatazama pale plasta ilipopotelea. Alifikiri juu ya yule aliyeibandua, mtu fulani aliyesinzia mahali fulani juu ya jangwa, hana habari, na juu ya wote waliojifunika baada yake, safari baada ya safari, wakivuta blanketi hadi kidevuni. Mikono yake ndiyo iliyowafungia mifuko.

Walifua mara mbili. Maji yalipotoka meupe jua lilikuwa limeshapita kichwani. Sasa kazi ikawa kukausha. Mashine ya kukaushia iliyokuwa ikifanya kazi ilijaa mara moja ikawa haitoshi, na ile iliyopumzishwa, walipoiwasha, iliguna, ikatoa moshi wa vumbi, ikarudi kupumzika. Wakatoa kamba za marobota wakazifunga ukumbi mzima, kutoka dirisha hadi dirisha, wakaanika. Wakaanika kwenye migongo ya viti, kwenye meza, kwenye mlango wa ofisi. Lori lilipokuja, mablanketi yalikuwa bado yanadondosha maji kama mbwa waliotoka mtoni.

Dereva wa lori alizunguka chini ya kamba akiwa ameinama, akauliza kama wameamua kuwaogesha abiria humohumo angani. Mjomba akamwambia aende mtupu. Dereva akasema ndege haitangoja. Mjomba akasema anajua. Dereva akatazama usoni mwa mzee, akaacha utani, akaondoka na lori lake tupu likigongagonga njia nzima.

Simu ya ofisini ililia mchana kutwa. Mjomba hakuigusa. Alizunguka akigeuza mablanketi, upande huu, upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu safari ikatwe vipande viwili, aliweza kuyashika kwa kiganja chote.

Bwana Nusu alifika ndege ilipokwisha kuruka. Alisimama mlangoni, koti mkononi, akayatazama mawimbi yale mekundu yaliyojaza mali yake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba shirika limempigia simu mara sita, kwamba ndege imeondoka bila blanketi hata moja, kwamba huenda mkataba umekufa leo. Kwamba mjomba wake, damu yake mwenyewe, amemkata kichwa mchana kweupe. Mjomba akajibu kwamba hakuweza. Mpwa akauliza hakuweza nini, wakati mama alikuwa na lake. Mjomba akasema mama yake hajui kushika kitu peke yake. Bwana Nusu akavuta blanketi lililoanikwa kwenye mlango wa ofisi yake, akalitupa sakafuni, akaingia ndani, akasema kesho asubuhi waje wote wasikie.

Asubuhi waliitwa wote, wakasimama ofisini bega kwa bega, wengine wakabaki mlangoni. Bwana Nusu alikuwa bado anatafuta maneno yake ya kwanza simu ilipolia mfukoni. Akatazama jina, uso ukamng'aa kwa hila. Akaiweka simu mezani, akaifungua sauti wote wasikie.

Sauti ya dada ilijaa chumba, kali, karibu kama yuko chumba cha pili. Alikuwa amefika. Safari njema, rubani hodari, chakula kidogo. Lakini baridi, mwanangu, baridi ya kaburini, maana ndege nzima hakuna blanketi. Watu walivaa mataulo. Yeye lake alimpa mama mmoja mwenye mapacha kabla hata hawajaruka, na akakaa saa zote hizo amejiviringa gazeti kama samaki wa sokoni. Abiria walimlaani dobi wa ndege hiyo tangu huku hadi huko, na yeye, asikilize vizuri, alilaani pamoja nao.

"Najua hukuwepo, ulikuwa na mimi," akasema. "Sasa nataka kujua ni nani aliyefanya uzembe huo. Mtu huyo umfukuze leo hii."

Bwana Nusu alimtazama Mjomba tu, na kuinua nyusi kidogo, kama mwenye kumpisha mtu mlangoni.

Mjomba akasogea mezani.

"Ni mimi, dada."

Simu ikakoroma kwa mbali.

"Wewe? Una wazimu?"

"Mguu ukoje kwanza?"

"Mguu mzima. Wamefungua bendeji wamekuta pakavu, kesho wananiwekea ngozi. Usinipeleke pembeni. Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Yalikuwa machafu. Niliyafua, hayakuwahi kukauka."

"Machafu yote?"

"Yote."

"Mpaka langu?"

Mjomba alimtazama mpwa wake. Kile kiburi cha nyusi kilikuwa kimeshuka. Palibaki uso wa kitoto, uso aliokuwa akiubeba mabegani kuupeleka shule, na uso huo ulikuwa unamwomba. Laiti angeombwa jana, juzi, Jumatatu.

"Lako lilikuwa safi, dada. Lilifuliwa peke yake."

Kidomo alikuwa ameuma kidole. Upande wa pili ilisikika sauti ya binti akimuuliza mama kama anataka maji, na mama hakumjibu. Walimsikia akivuta pumzi, akiitoa, akiivuta tena. Mwanamke yule hakuwa amesoma hata ngumbaru, lakini alikuwa ameogesha watoto wengi na kusikia viapo vingi vya kuoga.

"Zimeni hiyo sauti ya nje," akasema hatimaye, polepole. "Watu watoke. Nataka kuzungumza na mwanangu."

Bwana Nusu alichukua simu, akaigeuzia sauti ndani, akaelekea ukutani. Watu wakaanza kutoka kwa vidole vya miguu. Mjomba alitoka wa mwisho, akavuta mlango nyuma yake. Ulipokuwa unafunga alisikia, "Naam, mama," na baada ya muda mrefu, kwa sauti nyembamba zaidi, "Naam."

Ukumbini hakuna aliyejua la kufanya. Hakuna aliyejua kama mzee bado ana kazi, wala kama yeyote kati yao bado anayo. Wakunjaji walisimama kati ya mablanketi yaliyokauka, wakiyapapasa. Ndipo lori likarudi nyuma hadi kizingitini, na dereva yule wa jana akashusha robota jekundu lililoingia alfajiri kwa ndege nyingine ya mji wa mbali, akalisukuma kwa mguu, akarudi haraka kwenye usukani kabla harufu haijamfikia.

Povu akatazama robota, akatazama mlango wa ofisi uliofungwa, akamtazama Mjomba.

"Na hili je, Mjomba?"

Mjomba alimwonyesha mashine kwa kidevu. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akapiga goti, magoti yakalia. Akakata kamba. Uvundo ukapanda kama kitu kilichokuwa kikiwasubiri, ukawapiga wote usoni, na Kidomo akageukia dirisha akatema mate, akalaani kwa lugha ambayo haiandikiki.